UZI: Nani hasa aliiua BBC Store?

Fundi Mitambo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila ikifunguliwa mada ya maduka ya kidijitali humu, mtu anaandika "Netflix ilikuja, wengine wakafa", yaani ile huduma ya kulipia kwa mwezi na kutazama mtandaoni, na mjadala unaishia hapo. Leo naomba tulichambue duka moja tu, la shirika ambalo wengi wetu tumekua tukilisikia redioni nyumbani kwa wazee: BBC.

BBC Store ilifunguliwa Uingereza tarehe 5 Novemba 2015, chini ya BBC Worldwide, mkono wa kibiashara wa BBC. Unafungua akaunti, unalipia kipindi kimoja au msimu mzima, kisha unakitazama mtandaoni au unakipakua. Walianza na takriban saa 7,000 za vipindi, vikiwemo vya zamani vilivyokuwa vimelala maktaba miaka mingi. Mei 2017 wakatangaza kwamba wanafunga. Tarehe 1 Novemba 2017 duka likazimwa. Halikutimiza hata miaka miwili.

Maelezo waliyotoa ni kwamba mauzo hayakufikia walichotarajia, na kwamba vipindi vya BBC vilikuwa vikihitajiwa zaidi kwenye huduma za kulipia kwa mwezi, ndani na nje ya Uingereza, kwa hiyo hakukuwa na maana ya kuendelea kutia fedha dukani.

Ni kweli. Ila jiulizeni: hizo huduma za mwezi zilipata wapi vipindi vya BBC? Ziliuziwa na BBC Worldwide hiyo hiyo. Ofisi moja ilikuwa na kaunta mbele inayouza kipindi kwa mtu mmoja mmoja, na mlango wa nyuma unaouza kipindi hicho kwa mkataba mmoja mkubwa. Mkataba unaleta fedha nyingi kwa saini moja. Kaunta inaleta paundi mbili tatu kwa kila mteja, na bado ulipie seva, makato ya kadi, wahudumu wa wateja, na mgawo wa waigizaji na watunzi. Mkurugenzi wa fedha yeyote angejua kipi cha kufunga.

Na upande wa tatu kulikuwa na iPlayer, huduma ya BBC yenyewe ya kutazama vipindi mtandaoni, tangu Desemba 2007. Oktoba 2014 muda wa kukiona kipindi kilichokwisha kurushwa uliongezwa kutoka siku 7 hadi siku 30. Mtu ana mwezi mzima wa kutazama bila kulipa zaidi ya leseni ya televisheni, halafu mwaka mmoja baadaye unamfungulia duka la kununua. Anunue nini, na lini? Kwa vipindi vipya, duka lilibaki na wale waliokosa siku zote 30, na hao hao walishazikuta iTunes na Amazon zikiuza vipindi vya BBC tangu zamani, kadi zao za benki zikiwa tayari zimesajiliwa huko.

Msimamo wangu ni huu: BBC Store ilibanwa na mwenye duka mwenyewe kabla Netflix haijainua kidole. Karibuni.

---

Kijana wa Tandale

Mkuu, uzi mzuri. Swali langu ni dogo: wale waliokuwa wameshanunua ilikuwaje? Vipindi vyao walibaki navyo?

---

Fundi Mitambo

Hawakubaki navyo. Walirudishiwa fedha zote walizotumia, au waliotaka walichukua vocha ya Amazon Video yenye thamani kubwa kidogo kuliko fedha zao. Kwa upande wa fedha naipongeza BBC, maana maduka mengi yaliyofungwa kabla yake hayakufanya hivyo.

Lakini angalia upande wa pili. Kipindi ulichokipakua kilikaa kwenye kompyuta yako kikiwa kimefungwa kwa kufuli la programu. Faili lenyewe lipo, ukubwa wake unauona, jina lake unaliona. Ila picha na sauti ndani yake zimechanganywa kwa hesabu ambazo ufunguo wake unatunzwa kwenye seva za muuzaji. Unapobofya, programu inauliza seva: huyu ana haki? Seva ikijibu ndiyo, ufunguo unatolewa na picha inaonekana. Seva ikizimwa hakuna wa kujibu, na gigabaiti zako zote zinabaki kujaza diski tu.

Ndiyo maana walilazimika kurudisha fedha. Kwa namna walivyouza, hakukuwa na njia ya kufunga duka bila kuzima na mali za watu.

---

Zuhura wa Leicester

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi nipo huku Uingereza, nikaona niongeze kidogo kutoka upande wa wanaolipa.

Wakati duka lile linafunguliwa, leseni ya televisheni ilikuwa paundi 145.50 kwa mwaka. Huku leseni si ya hiari. Ukitazama televisheni ya moja kwa moja unalipa, na kuanzia Septemba 2016 hata vipindi vya BBC vya kwenye iPlayer vikahitaji leseni. Sasa mtu ametoa fedha hiyo mwaka baada ya mwaka, anaambiwa tamthilia iliyotengenezwa kwa fedha yake aje ainunue tena. Kazini kwetu watu walikuwa wanalizungumza hili kwa hasira kabisa. Hawakuwa na shida na bei. Waliona wanalipishwa mara mbili.

Kwa hiyo kaka Fundi, mimi naongeza sababu yako ya nne: wateja wenyewe hawakuamini kwamba wanapaswa kuwa wateja.

---

Fundi Mitambo

Wa aleikum salaam dada Zuhura. Umegusa penyewe, na hapa niseme neno la kuitetea BBC, maana jambo hili huelezwa kwa nadra.

Fedha ya leseni hulipia kutengeneza kipindi na kukirusha kwa muda maalum. Hailipii kukiuza milele. Mwigizaji, mwandishi wa mchezo na mwenye muziki uliopigwa kwenye onyesho la kilabu cha usiku, kila mmoja alisaini mkataba wa enzi yake. Mkataba wa mwaka 1974 haukujua intaneti. Kabla kipindi cha namna hiyo hakijaingia dukani, mtu anakaa chini, anawatafuta wote hao au warithi wao, na kukubaliana nao upya. Wimbo mmoja wenye mmiliki mgumu unatosha kukizuia kipindi kizima.

Kwa hiyo zile saa 7,000 zilikuwa kazi kubwa ya mikono ya watu. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya duka kufungwa: kazi ya kusafisha haki ilishafanyika, kisha vipindi visivyo na jina kubwa vikakosa rafu ya kukaa. Huduma za mwezi zinachukua vipindi vyenye majina. Filamu ya uchunguzi ya mwaka 1978 kuhusu wavuvi wa Scotland hainunuliwi na Netflix, lakini dukani angalau watu mia mbili wangeitaka na wangeilipia.

---

Mkereketwa wa Buguruni

Wakuu mnajisumbua bure. Huku kwetu tatizo hili tulishalimaliza. Naenda kibandani na flashi yangu, jamaa ananijazia muvi na msimu mzima wa tamthilia kwa bei ya chapati mbili na chai. Hakuna seva, hakuna kufuli, hakuna wa kunizimia. Wazungu walipe wao.

---

Fundi Mitambo

Mkuu Mkereketwa, faili lisilo na kufuli ni bora, hapo tuko pamoja. Lakini aliyeigiza hapati senti kwenye flashi yako, na sisi tumeshaona matokeo yake hapa hapa nyumbani. Bongo Movie ilikuwa na soko la DVD lililolisha waigizaji, wapiga picha, wahariri, madereva, mama wa chakula pale lokesheni. Nakala za kibandani zilianza kulitafuna soko hilo wakati DVD bado zinauzika, na DVD zilipokufa hapakuwa na kitu cha kulipia kilichokuwa tayari kuchukua nafasi. Wasanii wakubwa tuliowapenda wakakaa bila kazi. Siwezi kulisema hilo kwa wepesi.

---

Mzee wa Santuri

Wanangu, niruhusuni niseme, maana mnazungumza kana kwamba BBC kupoteza vitu ni jambo la 2017.

Miaka ya 1960 na 1970 BBC ilifuta kanda zake yenyewe. Kanda za video zilikuwa ghali, zikitumika tena na tena, na makubaliano na chama cha waigizaji yaliweka mipaka ya kurudia vipindi, hivyo wakubwa waliona hakuna faida ya kutunza kitu kisichoweza kurushwa tena. Kipindi kimoja mashuhuri, Doctor Who, hadi leo kinakosa sehemu zaidi ya 90 za miaka ya sitini. Zilifutwa, au nakala zake za filamu zilitupwa. Utaratibu huo ulikoma mwishoni mwa miaka ya sabini.

Sasa sikilizeni zilivyopatikana baadhi. BBC ilikuwa ikiviuza vipindi hivyo nje kwa nakala za filamu ya milimita 16, zikisafirishwa kwenye mikebe kutoka kituo hadi kituo. Vituo vya Afrika vilikuwa wateja. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba mtafutaji wa vipindi vilivyopotea, Philip Morris, amekuta mikebe kwenye kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Ndani yake mlikuwa na sehemu 9 ambazo Uingereza nzima haikuwa nazo. Hadithi ya mwaka 1968 iitwayo The Web of Fear ikakaribia kukamilika, ikabaki sehemu moja tu iliyopotea.

Hiyo mikebe ilidumu kwa kuwa ilikuwa kitu, kimekaa mahali, na hakuna mtu London aliyeweza kubofya kitu kikapotea. Kanda ile ile ingekuwa faili lenye ufunguo London, Jos wangekuta nini?

---

Fundi Mitambo

Mzee wangu shikamoo. Umenikumbusha jambo ambalo lazima niliunganishe hapa.

Kati ya zile zilizofutwa kuna hadithi ya Doctor Who iitwayo The Power of the Daleks, ya Novemba na Desemba 1966. Picha zilipotea, ila sauti ilibaki kwa sababu mashabiki walirekodi nyumbani kupitia televisheni zao. Mwaka 2016 BBC Worldwide ikachora upya hadithi yote kwa katuni juu ya ile sauti, na ikaitoa kwanza kwenye BBC Store tarehe 5 Novemba, miaka 50 kamili baada ya sehemu ya kwanza kurushwa. DVD ikafuata baadaye mwezi huo huo.

Pima sasa. Aliyenunua DVD bado anaiweka kwenye mashine na inacheza. Aliyenunua dukani siku ile ya kwanza, shabiki mwenye haraka na upendo kuliko wote, mwaka mmoja baadaye alirudishiwa fedha na kipindi kikaondoka. Tena kipindi ambacho kipo tu kwa sababu raia walijihifadhia nakala ambazo shirika halikuzitunza.

---

Mzee wa Santuri

Marahaba mwanangu. Hapo umemaliza.

---

Wakili wa Mikoani

Niongeze upande wa sheria. Uingereza ina Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Oktoba 2015, mwezi mmoja kabla ya BBC Store kufunguliwa. Sheria hiyo iliipa bidhaa ya kidijitali sura yake: lazima iwe na ubora unaoridhisha na ilingane na ilivyoelezwa. Haisemi muuzaji awashe seva milele.

California imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2024 walipitisha sheria, ikaanza 2025, kwamba muuzaji hawezi kumwambia mteja ananunua bidhaa ya kidijitali bila kumweleza waziwazi kuwa anachopata ni leseni inayoweza kuondolewa. Na kuna msamaha unaonivutia: bidhaa ambayo mteja anaweza kuipakua na kuitumia moja kwa moja bila kutegemea muuzaji haiguswi na sharti hilo. Yaani sheria imetambua kwamba hapo mali imehama kweli.

Mfano mwingine ni Microsoft. Mwaka 2019 walifunga duka lao la vitabu vya kielektroniki, vitabu vikafutika, wasomaji wakarudishiwa fedha zote. Waliokuwa wameandika maelezo yao pembeni mwa kurasa wakaongezewa dola 25. Mwanafunzi aliyeandika maelezo ya tasnifu yake mle ndani, kazi ya miezi, bei yake dola 25.

---

Nyali Mashariki

Hamjambo wandugu, mimi niko Mombasa. Naona mnaililia sana BBC Store lakini mimi sioni ubaya wa malipo ya mwezi. Mwananchi wa kawaida hana pesa ya kununua tamthilia moja moja. Akilipa mwezi mmoja anatazama yeye, mke, watoto na jirani. Akikosa pesa mwezi ujao anaacha tu. BBC waliona watu wanataka nini, wakafuata. Hiyo ni biashara.

Tena hata hizo huduma zinakuruhusu kudownload. Mimi hupakua kazini kwa WiFi nikaenda kutazama nyumbani bila kumaliza bando.

Ila nitakubali kitu kimoja. Kuna huduma moja nilikuwa nayo, nikapakua msimu mzima nikisafiri kwa basi la usiku kwenda Nairobi. Kufika Voi, sehemu ya nne ikakataa kufunguka, ati muda wake umeisha, niingie mtandaoni. Na pale barabarani network hakuna. Hapo nilihisi uchungu sana kwa sababu nilikuwa nimelipa na kitu kiko kwa simu yangu.

---

Zuhura wa Leicester

Kaka wa Nyali, hata huku yanatokea. Mtoto anapenda kipindi, siku moja kimehama huduma, unatakiwa ulipie nyingine. Vipindi vya BBC vyenyewe vimehamahama. Novemba 2019 BBC na ITV, ile televisheni ya huku Uingereza, walileta BritBox huku kwetu, ya kulipia kwa mwezi, wakasema ndiyo nyumba ya vipindi vya Uingereza. Kufika 2024 haipo tena peke yake, imemezwa ndani ya huduma ya ITV.

---

Kijana wa Tandale

Kwa hiyo mkuu Fundi, wangefanya nini? Maana hata wewe unakubali duka lilikuwa linapata hasara.

---

Fundi Mitambo

Hasara yao sijaiona kwenye vitabu, nimesema tu kaunta haiwezi kushindana na mkataba mkubwa. Kuna mambo mawili.

La kwanza ni wakati. Mwaka 2007 BBC Worldwide na televisheni nyingine mbili za Uingereza, ITV na Channel 4, walipanga kufungua huduma ya pamoja mtandaoni, mradi ukiitwa Kangaroo. Februari 2009 Tume ya Ushindani ya Uingereza ikauzuia, ikihofia watatu hao wangekuwa na nguvu kupita kiasi. Miaka mitatu baadaye, Januari 2012, Netflix ikaingia Uingereza bila mshindani wa nyumbani wa ukubwa huo. Tume ilikuwa ikiwalinda watazamaji dhidi ya mashirika yao wenyewe, na uwanja ukabaki wazi kwa kampuni ya California. BBC Store ilipokuja 2015, watu walishazoea kulipa kwa mwezi. Kosa hili si la duka.

La pili lilikuwa mikononi mwao kabisa: kufuli. Wauzaji wa muziki walipita njia hii mapema. Maduka ya nyimbo yenye kufuli yalipofungwa, wateja waliumia. Mwaka 2009 iTunes ikaondoa kufuli kwenye nyimbo zake, na wimbo ulionunuliwa hivyo unacheza leo kwenye simu yoyote, duka liwepo lisiwepo. Watu walisema muziki utaibwa wote. Tayari ulikuwa unaibwa, na waliotaka kulipa waliendelea kulipa.

BBC ingeweza kuuza namna hiyo angalau maktaba ya zamani, yale mambo ambayo Netflix haiyataki. Kuyafungia kwa kufuli hakumlindi mtu. Mwizi wa filamu za 1978 za wavuvi hayupo. Wangeuza faili wazi, basi tarehe 1 Novemba 2017 wangezima seva, wateja wangebaki na vipindi vyao, na hakuna hata paundi moja ambayo ingehitaji kurudishwa.

Agosti 2019 mdhibiti, Ofcom, aliiruhusu BBC kuweka vipindi vipya iPlayer kwa mwaka mzima badala ya siku 30. Ni vizuri kwa dada Zuhura. Haimsaidii anayetafuta kipindi cha miaka arobaini iliyopita.

---

Mkereketwa wa Buguruni

Mkuu nimekuelewa hapo kwenye faili wazi. Sasa kwa nini TBC, shirika letu la utangazaji, wasituuzie zile rekodi za RTD, Radio Tanzania ya zamani, namna hiyo? NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, zote zilirekodiwa pale. Mimi ningelipia, tena kwa simu, dakika hii hii.

---

Fundi Mitambo

Mkuu, hilo ndilo swali ambalo nilitamani mtu aliulize. Kwa miaka mingi studio ya Radio Tanzania ndiyo ilikuwa karibu studio pekee ya bendi zetu, na hazina ile ni kubwa mno. Kiufundi ni rahisi kuliko BBC Store: sauti tu, faili ndogo, malipo ya simu yapo kila kijiji, kufuli hatuhitaji.

Ugumu upo pale pale nilipomjibu dada Zuhura. Bendi ziliingia studio, zikarekodi, na makubaliano mengi ya enzi zile hayakusema lolote kuhusu kuuza nakala miaka hamsini baadaye. Wapigaji wengi wametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo kazi inaanza kwa orodha: wimbo, bendi, nani alitunga, nani alipiga, familia iko wapi. Ofisi ya hakimiliki, COSOTA, lazima iwe mezani, na mgawo wa familia uandikwe kabla ya wimbo wa kwanza kuuzwa. Wazee waliokuwepo studio bado wapo wachache wanaoweza kusema nani alishika solo kwenye wimbo gani, na orodha hiyo inaweza kuanza wiki hii bila kusubiri bajeti.

Mzee wa Santuri, wewe unawafahamu baadhi yao. Ukiridhia nifungue uzi mwingine wa orodha peke yake, tuanze na Western Jazz.

---

Mzee wa Santuri

Fungua. Nitaanza na wapulizaji.